Mwezi umeandama, Idi Mubarak, na nina neno la moyoni

Asalaam aleykum ndugu zangu, wateja wangu, majirani wa zamani na wa sasa na nyote mnaonifahamu. Mwezi umeandama alhamdulillah, takbira naisikia toka msikiti wa mtaa wa pili, watoto wameshaoga ila hawalali, kila dakika wanaamka kuangalia nguo zao nilizozitundika kwenye komeo la mlango kama bado zipo. Mchele nimeshachambua, zaka ya fitri baba watoto kaipeleka tangu alasiri, vitunguu vya pilau vimekatwa nyumba nzima inatoa machozi. Basi kabla sijaingia jikoni tena nikasema nikae niwaandikie jinsi nilivyojifunza kukaa kimya na kupumua taratibu, maana mwaka huu salamu yangu sio ile ya kufowadi picha ya mwezi na nyota. Idi Mubarak jamani, Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na sala zetu, na waliotangulia awarehemu, wagonjwa awaponye, wenye madeni awafungulie.

Wengi mnanijua mimi ni fundi cherehani. Kwa fundi Ramadhani ni mwezi wa riziki, hilo sifichi, kuna wateja siwaoni mwaka mzima lakini kumi la kwanza, yaani siku kumi za mwanzo, likiisha utawaona na vitambaa kwenye mfuko, dera la mama, kanzu ya baba, magauni matatu ya watoto, na kila mtu anataka "kabla ya Idi dada". Nikawa nakubali yote. Kumi la mwisho ambalo wenzangu wanausaka usiku wa cheo, usiku mmoja ulio bora kuliko miezi elfu, mimi nilikuwa nausaka uzi wa rangi inayofanana na kitambaa cha mtu, saa nane ya usiku mguu uko kwenye pedeli, daku nakula huku nashona, alfajiri nasali mbio mbio narudi kwenye mashine. Miaka imekwenda hivyo.

Afu mama yangu akafariki. Hilo mnalijua, wengi wenu mlikuja msibani Mwenyezi Mungu awalipe. Msichojua ni kilichofuata. Baada ya arobaini usingizi ukakata, yaani nalala saa nne naamka saa saba moyo unaenda mbio kama nimekimbizwa, mikono inakufa ganzi, kifua kinabana, najiona kabisa nakata roho na watoto wamelala pembeni. Nikaenda hospitali, wakapima moyo, wakapima presha na sukari, nikaambiwa mama huna kitu nenda kapumzike. Nikatoka pale nalia kwa sababu nilijua nina kitu, ila sikujua jina lake, na aliyenipima hakuniuliza hata kama nina msiba.

Usiku mmoja nikiwa kwenye hali hiyo nikakaa chini kwenye mkeka, mgongo nimeegemeza ukutani. Nikatega saa ya simu dakika moja nikahesabu ninavyopumua, nikapata mara 24. Baadaye nilikuja kujua mtu mzima akitulia anapumua mara 12 mpaka 20 hivi, usiku ule sikuwa najua, nilihesabu tu kwa sababu nilikuwa nahitaji kitu cha kushika. Nikasema ngoja nivute kidogo nitoe taratibu, nivute kwa nne nitoe kwa sita au saba, nikarudia na kurudia mpaka adhana ya alfajiri. Moyo ulitulia. Sio wote, kidogo, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki kadhaa nasali alfajiri bila kutetemeka.

Ndo nikaanza. Hakuna mwalimu, hakuna kozi, hakuna aliyenionyesha. Kila siku baada ya alfajiri, watoto bado wamelala, dakika tano pale pale kwenye mswala, afu kumi, afu ishirini. Niseme ukweli mwanzo ulikuwa mgumu kuliko nilivyotegemea, miguu inakufa ganzi, mbu masikioni, friji inaunguruma, akili inahesabu mita za kitambaa na madeni, na siku nyingine nikifumba macho nauona uso wa mama siku ile ya mwisho nabubujikwa machozi naacha. (Wewe mwenye msiba mbichi au jambo zito lililokupata, nakuomba usijilazimishe kufumba macho peke yako gizani, fumbua, angalia kitu kimoja hata ua la mkeka, kaa na mtu wako karibu, na kama daktari amekupa dawa kunywa dawa yako. Nasema hivi kwa upendo kabisa.) Baadaye nikasoma kwenye simu kwamba mapigo ya moyo yanapanda kidogo ukivuta pumzi na kushuka ukiitoa, kwa hiyo ukiitoa kwa kirefu unaupa moyo nafasi ya kupungua mwendo. Nilifurahi sana kusoma vile, nikaona kumbe Muumba aliiweka breki hii ndani yetu tangu tunazaliwa, nimetembea nayo miaka yote sijawahi kuikanyaga.

Sasa mitandaoni wenyewe wanaiita meditesheni, wengine wanaiita tahajudi, nikachanganyikiwa maana kwetu tahajudi ni sala ya usiku. Shoga yangu mmoja nilipomwambia akanisihi niache, akasema hayo ni ya dini nyingine utajiharibia imani yako. Nilikosa raha wiki nzima. Nikaenda kwa ustadhi anayewafundisha wanangu madrasa, nikamweleza yote bila kuficha. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza ukikaa unasema maneno gani, nikamwambia sisemi, nahesabu pumzi, siku nyingine nasema Ya Latif, jina la Mwenyezi Mungu, Mpole. Akasema hakuna ubaya ila usitamke maneno usiyojua maana yake na usiifanye iwe badala ya sala. Halafu akanikumbusha sura ya Aal Imran kwenye Kurani, pale wanaposifiwa wanaomkumbuka Mwenyezi Mungu wakiwa wamesimama, wamekaa na wamelala ubavu, na wanatafakari uumbaji wa mbingu na ardhi. Nilikuwa nimeisoma aya ile mara ngapi sijui, sikuwahi kusimama kwenye neno wanatafakari.

Na akanikumbusha pango la Hira. Kabla Mtume wetu (S.A.W.) hajateremshiwa neno lolote alikuwa anapanda kwenye ule mlima nje ya Makka anakaa peke yake siku kadhaa na chakula chake kidogo, mpaka Jibril akamjia na "Soma" naye ana miaka 40. Aliporudi nyumbani alirudi anatetemeka, anasema nifunikeni, na Bi Khadija akamfunika akamtuliza. Mimi sijilinganishi na kucha ya Mtume, Mungu apishe mbali, lakini kwa mtu niliyekuwa natetemeka usiku peke yangu naona aibu, kusikia vile kulinifariji kiasi ambacho siwezi kuandika.

Sasa hili linalofuata ndilo lililonifanya niandike.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka juzi, alasiri, mwezi uko kwenye ishirini na kitu. Napika magimbi ya nazi kwa ajili ya futari. Nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, nazungusha kifuu, ile sauti ya krrr, krrr, na unga mweupe unadondoka kwenye sinia. Nina njaa, nina kiu, jua limeanza kulegea. Nikagundua pumzi yangu inakwenda na mkono, nikikuna natoa, nikizungusha kifuu navuta, sikuipanga, imejipanga yenyewe. Na ghafla kule kichwani kukanyamaza. Sio kwamba niliona mwanga au nilisikia sauti, hapana, nilimsikia mtoto analia nyumba ya jirani, nilisikia bodaboda inapita, ila kulikuwa hakuna mimi anayelalamika katikati. Kulikuwa na nazi, mkono, pumzi, na ukaribu ambao sijawahi kuujua, ule tuliouambiwa kwamba Yeye yuko karibu nasi kuliko mshipa wa shingo. Nikalia nikiwa nakuna nazi, machozi yanadondoka kwenye sinia na sikuwa na huzuni hata kidogo. Binti yangu akaniuliza mama vitunguu viko wapi mbona unalia, nikamvuta nikamkumbatia na mikono yangu ya nazi.

Usiku ule nikiwa nimelala nikakumbuka kitu ambacho kilikuwa kimepotea kabisa. Kwetu asili ni Bagamoyo, babu mzaa baba alikuwa mtu wa Kadiria, ile tarika, yaani njia ya masufi, ya Sheikh Abdulkadir Jilani wa Baghdad. Bagamoyo Kadiria ina jina kubwa kwa sababu ya Sheikh Ramiya, mtu aliyeletwa pwani mtoto mtumwa kutoka upande wa Kongo, akasoma, akawa sheikh mkubwa wa kuheshimiwa na mabwana na watumwa, mpaka alipofariki 1931. Sisi watoto tulikuwa tunapelekwa kwenye zikri za usiku, tunalazwa kwenye mkeka tumefunikwa khanga ya bibi inanuka udi. Wazee wanasimama duara, wameshikana mikono, wanainama na kuinuka, wanalitaja Jina la Mungu, mwanzo neno zima unalisikia, halafu linafupika, linafupika, mpaka inabaki pumzi tu kutoka kifuani, wanaume hamsini wanapumua kama mtu mmoja. Ndo ile watu wanaiita zikri ya kukohoa. Nilikuwa nalala usingizi mzito kwenye sauti ile.

Ndugu zangu nilikaa kitandani nikashika mdomo. Miezi yote ile nilijiona nimejifundisha mwenyewe kitu kigeni cha kwenye simu, kumbe kifua changu kilikuwa kinakijua tangu nina miaka minne. Babu hakunifundisha, hakuniambia hata neno moja, alinilaza tu karibu. Najua kuna masheikh hawaikubali zikri ile, siingii kwenye ubishi huo na wala siwaiti nyinyi mkaifanye, nasema tu kile kilichonitokea na nani ninayemshukuru. Na wazee wa kwetu wanasema jina Bagamoyo linatoka kwenye bwaga moyo, hapo ndo wapagazi waliotoka Tabora na Ujiji na mizigo mabegani walifika baharini wakaitua. Jina nilikuwa naliandika kwenye fomu kila siku, mahali pa kuzaliwa Bagamoyo, bila kulisikia.

Tangu hapo maisha hayajawa peponi, watu waelewe. Usiku wa moyo mbio bado unanijia, mara chache, nikiona unakuja nakaa mkekani naupisha. Mama bado namlilia, na nadhani nitamlilia mpaka tukutane inshallah. Lakini sala zangu zimebadilika. Zamani natoa salamu hata sijui nimesoma sura gani rakaa ya pili. Siku hizi kabla ya takbira nasimama pumzi tatu, nne, nasubiri moyo ufike ndipo nifunge sala. Na mume wangu kaniambia kitu ambacho sijakisahau, kasema sa hizi ukiitwa unaitika kabla hujakasirika.

Na mwaka huu nimefanya jambo ambalo baadhi yenu lilikuudhini, naomba radhi na naomba mnielewe. Tarehe ishirini ya Ramadhani nilifunga kupokea vitambaa. Nilibandika karatasi mlangoni. Kuna wateja nimewapoteza, na hesabu ya mwezi imeyumba kidogo kusema ukweli. Ila kumi la mwisho nimelikaa. Sikwenda itikafu msikitini, nina watoto wadogo, nimekaa mkekani chumbani taa imezimwa, mashine ya kushonea imefunikwa shuka pale kwenye kona, na nyumba ikawa kimya kiasi cha kusikia saa ya ukutani sebuleni. Usiku wa cheo ulikuwa upi mimi sijui, anajua Mwenyewe, ila safari hii uliponipitia sikuwa nimeinamia pindo.

Sasa Ramadhani ndo imetuaga. Kila mwaka inarudi siku kumi au kumi na moja nyuma, inatuzungukia jua na mvua, masika na kiangazi, na kila ikiondoka nawaona wengi wetu tunasherehekea kwa fujo kama wafungwa tumefunguliwa, mziki juu, simu mkononi, na ule utulivu wa jioni tukiisubiri adhana, sinia liko mbele, maji yako mbele, hakuna anayegusa, ule tunautupa na maganda ya tende. Kile kidakika ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Familia nzima imekaa chini inangoja, hata mtoto wa miaka mitano kanyamaza. Ninaomba tusikiachie. Kwenye sita za Shawwal, zile funga sita za sunna za mwezi huu unaoanza, wale watakaozifunga, na hata asiyefunga, jioni moja kaeni hivyo hivyo na watoto wenu dakika mbili tatu kabla ya chakula, msiseme kitu, halafu bismillahi mle.

Dada zangu mafundi, mama lishe, wauza maandazi, wauguzi wa zamu ya usiku, madereva, nyinyi ambao sikukuu za watu ndo mzigo wenu, nawaombea kwa majina usiku huu. Mliofiwa mwaka huu na kesho mtaweka sahani moja pungufu, nawafikiria sana, njooni kwangu msikae peke yenu. Na ndugu zetu Wakristo majirani zangu, mliokuwa mnatuletea matunda ya futari na kuwanyamazisha watoto wakati wa tarawehe, Mungu awabariki, pilau yenu ipo ya kwanza kupakuliwa.

Kesho baada ya sala ya Idi mlango uko wazi, kuna pilau, kachumbari, kaimati na juisi ya ukwaju. Watoto waje wachukue mkono wa Idi, ni kidogo ila kipo. Atakayewahi asubuhi sana akanikuta bado niko mkekani, aingie, avue viatu, akae pembeni, nikimaliza tunapakua wote.

Idi Mubarak, kullu aam wa antum bikheir.