Msiiite kibastola

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji wenu mmoja aliandika kwamba wenye maduka wapewe leseni za bastola za .22, yaani zenye risasi nyembamba, bila mlolongo, kwa kuwa eti "hicho ni kibastola tu". Naomba nafasi nimjibu. Hicho kibastola ninacho, tangu mwaka 1988.

Niliuziwa na Mgiriki mmoja wa mkonge aliyekuwa akifunga virago. Karatasi tukazibadilisha jina polisi, nikarudi Pongwe nimetuna kama jogoo. Silinda yake, kile kipande kinachozunguka kubeba risasi, ina matundu sita. Risasi zenyewe hata unene wa milimita 6 hazifiki, na ile sehemu yake inayoruka ina uzito wa gramu mbili na nusu hivi. Kwenye uhakiki wa silaha wa 2016 kijana mmoja tuliyepanga naye foleni aliiona akacheka: "Mzee, hii ya kutishia kuku?" Mimi sikucheka, maana nilikumbuka dumu.

Mwaka wa pili wa kuinunua nilikwenda shambani na shemeji yangu, ngedere walikuwa wanamaliza mahindi. Nilikuwa nimejaza matundu yote sita. Nikainama kufunga kamba ya kiatu, bastola ikachomoka kiunoni, ikaangukia jiwe, nyundo (kile chuma cha nyuma kinachogonga risasi) chini. Ikalia. Shemeji alikuwa na dumu la lita 20 begani. Tukabaki tunatazamana, maji yakaanza kuchuruzika pande mbili, kwenye vitundu ambavyo ungeviziba kwa ncha za vidole. Kutoka pale mpaka shingoni kwake haifiki shubiri. Hakunigombeza. Alilitua dumu, akakinga kiganja, akanywa, akasema: "Kamrudishie Mgiriki wako."

Kosa lilikuwa langu. Kwenye bastola za zamani za namna hii nyundo inailalia risasi moja kwa moja, ikipata kishindo tu imeshagonga. Wajuzi hujaza tano, nyundo ikalala juu ya tundu tupu. Kiwanda cha bastola cha Ruger cha Marekani mwaka 1973 kilianza kuweka kipande cha chuma kinachopokea pigo la nyundo pale tu triga inapovutwa. Yangu ya kiwanda kingine, kongwe, haina kitu hicho. Nani wa kumwambia mwenye duka ni ipi kauziwa?

Tena bastola kubwa hugongwa katikati ya kitako cha risasi. Hii ya .22 hugongwa ukingoni, maana dawa ya kuwashia imejazwa humo ndani ya ukingo, kuzunguka. Nyundo ikiangukia mahali dawa haikufika, utasikia "tik", basi. Hapo inatakiwa uielekeze pasipo na mtu usubiri kama nusu dakika, kwani huenda imechelewa tu. Jambazi ataombwa asubiri?

Na ikilia vizuri ukamkosa, risasi haipotei. Maboksi yake yenyewe huonya kwamba inaweza kufika maili moja na nusu. Sasa ifyatue Ngamiani, pale Tanga mjini, nyumba zilivyobanana.

Sizungumzii hata chumvi ya bahari yetu. Kila Ijumaa asubuhi naipangusa kwa mafuta ya cherehani, na nikimaliza nanawa mikono kabla ya kugusa risasi, maana mafuta yakipenya ndani huziua. Kazi hiyo wanangu hawaitaki, na bastola hawaitaki.

Mlolongo wa leseni uachwe kama ulivyo chini ya sheria ya silaha ya 2015. Ningeongeza kitu kimoja: kabla mwombaji hajapewa karatasi, aketishwe na mtu mzoefu, afungue silinda mwenyewe, ahesabu matundu, aseme lipi linabaki tupu na kwa nini. Asiyeweza arudi nyumbani.

Dumu lile shemeji aliliziba kwa plastiki ya kuyeyusha, likatumika miaka mingine mingi.

Msomaji mstaafu,
Pongwe, Tanga