Nakuru baada ya ziwa kupanda: kwa nini njia za safari zetu zimebadilika

Wateja wengi wanaotupigia simu kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru huuliza kama mafuriko yameisha na njia zimerudi kama zamani. Jibu ni kwamba maji yalikuja yakakaa. Ziwa lilianza kupanda mwaka 2010 hivi, na katika miaka kumi likatanuka kutoka kilomita za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60. Hifadhi nzima ni kilomita za mraba 188 na imezungushiwa ua, kwa hiyo nchi kavu iliyomezwa ni malisho waliyopoteza nyati, twiga na vifaru.

Ziwa hili halina mto wa kutokea. Maji ya mito ya Njoro, Makalia na Nderit yakishaingia, hupungua kwa kukaushwa na jua. Mvua zimezidi, na miteremko ya msitu wa Mau iliyokatwa miti inaachia maji na udongo kwa kasi. Geti kuu la upande wa mjini lilizama, pamoja na vipande vya njia ya ufukweni. Migunga mingi ilifia ndani ya maji ikiwa imesimama. Nje ya ua, familia za mtaa wa Mwariki zilihama nyumba zao, na hasara yao inatuuma kuliko ya barabara.

Kwa hiyo kukarabati hifadhi hii ni kuisogeza. KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori, ililazimika kuhamishia geti na njia sehemu za juu. Njia mpya inataka mitaro na kalavati kwanza, kisha moramu iliyoshindiliwa vizuri; moramu ikimwagwa pasipo mtaro, mvua kubwa ya kwanza huibeba yote hadi ziwani. Gari likiacha njia wakati wa masika, alama ya tairi hugeuka mfereji, na mvua zinazofuata huupanua. Ndiyo maana dereva wetu hatakata nyikani kumfuata simba, hata abiria wote wakimsihi. Tafadhali msimlaumu. Njia ikifungwa na askari wa wanyamapori, tunageuza, na muda huo tunaufidia kwingine, kwa kawaida upande wa kusini karibu na maporomoko ya Makalia, au juu Baboon Cliff, ambako utaona kwa macho yako ziwa lilivyotambaa.

Kuhusu heroe (flamingo): waliokuja na shule zamani wanakumbuka ufuo wa waridi, na wanataka watoto wao wauone. Tunatamani hivyo pia, lakini hatutauza picha ya zamani. Maji ya magadi yalipozimuliwa, mwani wanaoula ulipungua, na makundi makubwa yakahamia kwingine, hasa Ziwa Bogoria. Nakuru sasa kuna samaki, na ndege aina ya mwari wanawafuata. Vifaru, weusi kwa weupe, bado wapo, na kwetu hao peke yao wanatosha kuifunga safari.

Anayetaka heroe atuambie mapema, tumwongezee siku ya pili Bogoria kupitia Marigat. Kiingilio cha huko ni tofauti, kwa sababu inasimamiwa na Kaunti ya Baringo. Kati ya Machi na Mei tunatumia Land Cruiser badala ya matatu ya kukodi, na usiku wa kuamkia safari tunampigia kila mteja kumweleza geti tutakaloingilia.