Rehema, nani tumvike nishani?

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, na hongera tena kwa ujauzito. Nimefurahi kusikia majibu ya kile kipimo cha damu ya mama, kinachochunguza kama vinasaba vya mtoto vina kasoro, yametoka salama. Umesema unataka kumjua aliyekigundua ili umwombee dua. Basi mwombee Dennis Lo, daktari wa Hong Kong. Kwa miaka mingi alihangaika kutafuta seli za mtoto ndani ya damu ya mama, na seli hizo ni adimu mno. Mwaka 1996 akasoma kwamba vinasaba vya saratani huonekana kwenye plazima, yale majimaji ya damu ambayo watafuta seli walikuwa wakiyamwaga. Akajiuliza: ikiwa uvimbe unaacha alama humo, mtoto anayekua tumboni atakosaje? (Najua umekunja uso kusikia mwanao akifananishwa na uvimbe. Vumilia.) Mbinu ya kuanzia hakuwa nayo, akakumbuka tambi za haraka alizozoea kujipikia enzi za uanafunzi. Akaichemsha plazima dakika chache, akapima, vinasaba vya mtoto hivyo hapo! Aliyatangaza hayo mwaka 1997, na kufikia 2011 wajawazito wakaanza kupimwa.

Ila usije ukamwambia mtu kwamba kipimo hiki kinamaliza kila kitu. Kinachuja tu, kuonyesha nani achunguzwe zaidi. Vinasaba vinavyosomwa hutoka zaidi kwenye kondo la nyuma, na kondo na mtoto hawafanani kila mara. Mwenye majibu ya wasiwasi bado inabidi achomwe sindano ya tumboni, yatolewe maji ya uzazi, ndipo ijulikane kwa hakika.

Sasa na mimi nina mtu wangu. Kipimo chako kinamtazama mtoto. Mimi ni mkunga, na kinachoninyima usingizi ni mama baada ya mtoto kutoka, pale damu inapokataa kukatika. Nishani yangu namvika Utako Okamoto. Alikuwa mtafiti wa Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akifanya kazi maabara na mumewe Shosuke, binti yao akiwa amebebwa mgongoni. Ndiyo, mgongoni, kama sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakapata dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema: asidi ya traneksamiki. Mama yule akawaendea madaktari wa uzazi akiwasihi waijaribu kwa waliojifungua. Wakakataa. Dawa ikaishia kwa wang'oa meno na wenye hedhi nzito, na miongo ikapita hivyo.

Jaribio kubwa lilipokuja kufanyika lilihusisha wanawake wapatao 20,000 katika nchi 21. Majibu yalitoka mwaka 2017: dawa ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, vifo vya kutokwa damu hupungua kwa takriban theluthi moja. Okamoto alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 98. Hilo hunikera kila nikilifikiria.

Na wale wanawake 20,000? Nusu yao walichomwa dawa isiyo na kitu juu ya matibabu ya kawaida, maana bila hivyo kusingekuwa na cha kulinganisha. Majina yao hayapo popote, wala hakuna atakayewaita jukwaani. Dua yako iwafikie na wao.

Tena si kila maendeleo huja na mashine ya bei mbaya. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, wa wanawake zaidi ya 200,000. Kiini chake ni mfuko wa plastiki unaotandikwa chini ya mama, wenye mistari ya vipimo. Kwa macho, damu iliyolowa kwenye shuka na pamba huonekana ndogo kuliko ilivyo. Kwenye mfuko unasoma mstari, na ikizidi kiwango, mambo yote yanaanza kwa pamoja bila kungojana: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kuubana mfuko huo), dawa ya Okamoto, dripu, kukagua palipochanika. Kutokwa damu kwa kiwango cha hatari na madhara yake vilipungua kwa asilimia 60.

Kwa hiyo ukirudi kliniki, ukishamaliza kuuliza habari za mtoto, muulize mkunga wako wanapimaje damu chumba cha kujifungulia. Akikwambia wanakadiria, niandikie haraka, tutafute pengine kabla tumbo halijawa zito.

Msalimie shemeji.

Wako,
Mwanaidi