Wasifu wa mzee

Majengo, Dodoma

Kaka,

Salaam nyingi. Huku wazima, vumbi na jua tu. Mama Upendo anakusalimu, anauliza sangara wake wako wapi. Kimya changu utanisamehe, leo nina jambo la haraka.

Mdogo wako kanipa nisome wasifu wa mzee, ule wa ibada ya kuweka msalaba. Kaandika vizuri, ila kuna mstari huu: "Mwaka 1983 alikamatwa kwa uhujumu uchumi." Basi, kahamia kwenye ujenzi wa kanisa.

Kaka, wajukuu wataelewa nini? Kwao mhujumu uchumi ni mtu wa meno ya tembo, mtu wa mabilioni, wa kwenye taarifa ya habari. Mzee alikutwa na katoni za sabuni na sukari stoo! Mwaka ule ukiwa na bidhaa kuzidi matumizi ya nyumbani, tayari wewe mlanguzi. Watu walitupa mali porini usiku kwa hofu. Mwaka uliofuata tu, serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa mwenyewe. Leo mtu anajaza ghala la mahindi Kibaigwa, anasubiri bei ipande, na tunamwita mjasiriamali.

Sisemi walanguzi hawakuwepo. Mama yangu alipanga foleni duka la kaya, lile la bidhaa za mgao, tangu alfajiri, akarudi na kipande kimoja cha sabuni, na wengine wakiificha ili waiuze bei ya kuruka. Hata mzee mwenyewe, Waziri Mkuu Sokoine, aliyeongoza msako ule, alipofariki Aprili 1984, alilia mbele yetu. Kwa hiyo nisingependa mstari ufutwe. Wazee watakaokuwepo wanajua, wataona tumeficha. Ninachoomba ni sentensi mbili: alikutwa na nini, na jina hilo lilibeba nini siku zile. Jina limebaki lile lile kwenye sheria, mzigo wake umekuwa mwingine kabisa, na mzee hayupo ajieleze.

Mdogo wako anasema bila ruhusa yako hagusi kitu, na mchapaji anausubiri.

Sasa niambie: zile karatasi za kuachiwa kwake anazo nani? Shangazi wa Kongwa ameshausoma? Mama anataka iweje, umemuuliza? Nimwandikie mimi hizo sentensi au utaandika mwenyewe? Na unakuja kwa basi la lini?

Wako,
Baba Upendo