Kabla ya kununua shotgani iliyotumika, fungua kitako chake

Kila mwaka msimu wa kuwinda ndege aina ya fezanti unapokaribia hapa Iowa, Marekani, karakana yetu ya bunduki hupokea bunduki zenye ugonjwa mmoja. Ni shotgani inayojipakia yenyewe, imenunuliwa mkononi mwa mtu, mtutu unang'aa, mbao imepigwa vanishi. Risasi ya kwanza inalia vizuri, ya pili inakwama nusu njia. Wateja wengi wa aina hii ni ndugu zetu kutoka Kongo, Burundi na Kenya ambao wamealikwa kuwinda na wenzao wa kazini, wakanunua haraka ili wasiachwe nyuma. Wanafika wakiamini bunduki imekufa. Mara nyingi haijafa, ila hakuna aliyeifungua ndani kwa miaka mingi.

Tuanze na Remington 1100, kwa kuwa ndiyo tunayoishika zaidi. Iliingia sokoni mwaka 1963 na bado zimejaa vijijini. Ukifyatua, sehemu ya gesi ya baruti hupenya kwenye vitundu vidogo vilivyo chini ya mtutu na kusukuma pistoni iliyovaa bomba la magazini, yaani bomba la kuwekea risasi za akiba. Pistoni inalipeleka nyuma komeo, chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ganda tupu linaruka nje, halafu springi iliyofichwa ndani ya kitako inalirudisha komeo mbele pamoja na risasi mpya. Basi uchunguzi wetu unafuata njia hiyohiyo: vitundu vya gesi, oringi, springi.

Vitundu huziba kwa masizi, navyo vinasafishika. Oringi ni kipande cha mpira kinachokaa kwenye mfereji wake juu ya bomba la magazini ili gesi isivuje. Ikikauka na kupasuka, nguvu inapotea na komeo halifiki mwisho. Ni kifaa cha bei ndogo sana, na kuna watu wameuza bunduki nzima kwa hasara kwa sababu yake. Ukinunua 1100, nunua oringi za akiba siku hiyohiyo.

Springi ndiyo inayotuumiza roho. Tunatoa mpira wa begani, tunaingiza bisibisi ndefu, tunafungua skrubu na kuvuta kitako. Kinachotoka ni oili iliyoganda ikawa gundi, unga wa kutu, na springi iliyoshikamana na bomba lake. Mbao ya shingo ya kitako imelowa oili hadi ikawa laini. Chanzo ni mazoea ambayo mwenye bunduki aliyaona ni uangalifu: anamimina oili nyingi, kisha anaisimamisha kabatini mtutu ukiwa juu, mwaka baada ya mwaka, na oili yote inashukia kwenye kitako. Paka kidogo tu, futa, na baada ya kupaka isimamishe mtutu ukiangalia chini.

Springi hiyo unaweza kuipima ukiwa bado kwa muuzaji. Hakikisha bunduki haina risasi, kwenye chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi) na kwenye magazini, kisha vuta komeo nyuma na uliachie. Linatakiwa kujifunga kwa kishindo. Likirudi kwa kusuasua, omba kitako kifunguliwe. Muuzaji akikataa, mwachie bunduki yake.

Sasa jambo la usalama, na hapa tunaomba usome polepole. Kwenye mtutu kumechongwa urefu wa chemba: inchi 2¾ au inchi 3. Risasi ya inchi 3 huingia bila shida kwenye chemba ya inchi 2¾, kwa sababu mdomo wake uliokunjwa hufunguka pale tu unapofyatua. Mdomo huo ukikosa nafasi ya kufunguka, presha inapanda kupita kiasi. Kwa hiyo kuingia kwa risasi hakuthibitishi kwamba ndiyo yake. Soma maandishi ya mtutu, usimwamini mtu.

Browning Auto-5 ina mambo yake. John Browning aliibuni mwishoni mwa karne ya 19, na kiwanda cha FN cha Ubelgiji kikaanza kuitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20. Haitumii gesi. Mtutu mzima unarudi nyuma, na kasi yake inapunguzwa na pete zilizovaa bomba la magazini. Pete hizo hupangwa kwa namna moja kwa risasi nyepesi na namna nyingine kwa risasi nzito. Zikipangwa vibaya, chuma kinagonga chuma kila unapopiga, na mbao ya mbele inapasuka. Kwa hiyo tazama nyufa kwenye mbao hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Wawindaji wa bata mwitu wana tahadhari ya ziada. Tangu 1991 sheria ya Marekani inakataza kwa bata marisau (vigololi vidogo vinavyoruka kutoka kwenye risasi) ya madini ya risasi, na wengi hutumia ya chuma. Browning wenyewe wanaonya kwamba mitutu ya Auto-5 iliyotengenezwa Ubelgiji isitumiwe na marisau ya chuma. Ukiipenda bunduki hiyo kwa bata, jiandae kununua marisau ya madini ya bismathi, ambayo ni ghali. Pia uliza kama kizuizi cha magazini, kijiti kinachopunguza idadi ya risasi zinazoingia, bado kipo. Kwa ndege wanaohama, bunduki haitakiwi kubeba zaidi ya risasi 3 kwa jumla, na kwenye bunduki zilizopita mikono mingi kijiti hicho huwa kimetolewa na kupotea. Tunakurudishia papo hapo.

Shotgani za Benelli zinazotumia msukumo wa bunduki kurudi nyuma badala ya gesi huchafuka kidogo, ila hazipendi risasi nyepesi mno, na nyingi zina springi kwenye kitako vilevile.

Kuhusu karatasi: dukani utajaza fomu 4473, fomu ya serikali ya kununulia bunduki, na taarifa zako zitapitishwa kwenye mfumo wa FBI wa kukagua rekodi za wanunuzi. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua. Aliye na viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa awe ndani ya vighairi vya sheria kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Na tafadhali, usimnunulie bunduki mtu ambaye hawezi kununua mwenyewe, hata akiwa ndugu wa damu na hela ni yake. Tangu 2022 kosa hilo lina kifungo cha hadi miaka 15. Tunajua jinsi ilivyo vigumu kumkatalia kaka, mkatalie.

Ukishapata bunduki, au ukitaka tuikague kabla hujalipa, piga simu kwanza. Ilete ndani ya mfuko wake, haina risasi, na risasi zenyewe ziache nyumbani. Ukaguzi unafanyika ukiwa umesimama mezani pamoja nasi, tukifungua kitako mbele ya macho yako, na springi ikiwa mbovu utaondoka nayo mkononi uione.