Kona za bati na hesabu ya kidato cha tano

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wa hisabati. Mimi ni fundi bati hapa Mwanjelwa, Mbeya. Natengeneza hori za kunyweshea nguruwe: nachukua bati bapa la sentimita 60 kwa 60, nakata mraba kila kona, nakunja kuta, nalehemu pembe. Siku zote kona nilikata sentimita 15, kipimo nilichorithi kwa fundi aliyenifunza.

Likizo iliyopita binti yangu wa kidato cha tano alinikuta nakata, akacheka. Hesabu hiyo hiyo wameifanya darasani! Ukikata x, kitako kinabaki 60 − 2x kila upande na kimo ni x, kwa hiyo ujazo ni x(60 − 2x)². Fungua mabano, unapata polinomia: 4x³ − 240x² + 3600x. Derivativu yake, yaani mteremko wa mchoro, ni 12x² − 480x + 3600. Akaiweka sawa na sifuri, maana kileleni hakuna mteremko. Aliyewahi kupanda mlima Loleza hapa Mbeya anajua pale juu mguu unavyotulia. Ikatoka 10 au 30.

Nikakata 10. Hori ya zamani huingia lita 13.5, sado yangu ya lita 4 mara tatu na kitu. Hii mpya ikameza sado nne kamili, lita 16, kwa bati lile lile. Nilikaa chini kidogo.

Na 30 je? Nilipomwuliza, kimya. Daftarini majibu yote mawili yamepigwa vema nyekundu, bila neno. Nikampa mkasi na boksi la sabuni, tukalipunguza likawa 60 kwa 60, nikamwambia akate 30 kila kona. Vipande vinne vikaanguka chini, mkononi hakuna kitu. Ujazo sifuri! Ndipo akarudi kwenye mteremko mwenyewe: x ikiwa 9 ni chanya, ikiwa 11 ni hasi, basi 10 ndiyo kilele; 30 ni bondeni.

(Wenye majike makubwa bado nawakatia 15, kwani hori fupi huipindua kwa pua. Hilo derivativu haikuulizwa.)

Walimu wetu, mkasi na boksi havigharimu kitu. Vianze kabla ya kanuni, na jibu la pili lisiachwe hivi hivi.

Fundi bati,
Mwanjelwa, Mbeya