Kwa vijana wa kwaya mlioung'oa mti wa Krismasi

Wajukuu zangu,

Jumapili mliingia kanisani kwa kishindo, mkaung'oa ule msonobari waliopamba mama zenu, mkautupa kule kwenye tangi la maji. "Upagani!" mkapiga kelele. Mama aliyekesha akifunga riboni alisimama mlangoni, ndala mkononi, hana la kusema. Siku ile nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa na hasira. Leo naandika.

Nani kawafundisha? Video ya dakika tatu. Eti 25 Desemba ni sikukuu ya mungu jua wa Warumi, basi, kesi imekwisha. Ngojeni kwanza. Kaisari Aurelian kweli alimjengea Jua hekalu Roma mwaka 274. Lakini maandishi ya kale yanayotaja sikukuu ya Jua tarehe hiyo yamo katika kitabu cha kalenda cha Roma cha mwaka 354, na kitabu hicho hicho ndicho kinachosema Kristo alizaliwa Bethlehemu tarehe hiyo hiyo. Sasa nani kamwibia nani? Wasomi wangali wanabishana. Ninyi mmekwisha kuhukumu! Wako wanaosema Wakristo wa kale walipiga hesabu tu: mimba 25 Machi, siku waliyoamini pia Bwana alikufa, ongeza miezi tisa. Waarmenia mpaka leo husherehekea 6 Januari. Biblia haitaji tarehe yoyote. Hilo nalijua tangu hamjazaliwa, na pilau nimekula kila mwaka.

Mti mliouonea ni desturi ya Wajerumani, ilishika karne ya 16, zaidi ya miaka elfu baada ya hao Warumi wenu. Pango la hori ni la Mtakatifu Fransisko wa Assisi, kijijini Greccio, Italia, 1223. Baba Krismasi chanzo chake ni Nikolao, askofu wa Myra, Uturuki ya leo.

Wala si ninyi wa kwanza. Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali wa Massachusetts kule Amerika, mwaka 1659 waliweka faini ya shilingi tano kwa atakayeadhimisha Krismasi. Sheria ikafutwa 1681.

Kosa si lenu peke yenu, wanangu. Sisi wazee kipaimara tuliwakaririsha tu, historia ya kanisa hatukuigusa. Mkaenda kuitafuta kwa watu wanaolipwa kwa kila anayetazama.

Yule mama mnapajua kwake, nyuma ya zahanati. Nendeni kabla ya Alhamisi, mchukue na sukari kilo mbili. Msonobari nitaukata mwenyewe.

Babu yenu, mzee wa kanisa